Wa Kushoto

Kwa miaka sita nimekuwa nikiweka picha za marehemu kwenye tovuti ya redio moja ndogo hapa Machakos mjini. Sikuajiriwa kwa kazi hiyo. Niliajiriwa kuandika habari: mvua imechelewa wapi, barabara gani imekatika, zahanati gani imefunguliwa. Lakini redio ilipoanzisha ukurasa wa matangazo ya vifo, kwa ajili ya watu wetu walio Mombasa na ng'ambo ambako mawimbi yetu hayafiki, mkubwa wangu alitazama huku na huku akaona mimi ndiye mwepesi wa kompyuta.

"Ni picha tu," aliniambia. "Unakata, unaweka."

Hatukuwa na programu yoyote ya maana ya picha. Tulitumia kile kilichomo ndani ya tovuti yenyewe, kule nyuma ambako msomaji haingii. Unapakia picha, unabonyeza "hariri", kisha unaweza kuizungusha ikiwa imelala ubavu, kuigeuza upande wa kulia uwe kushoto, kuipunguza ukubwa, au kuikata. Ni hayo tu.

Kukata ni kuvuta mraba juu ya picha. Kilicho ndani ya mraba kinabaki na rangi zake, na kilicho nje kinafifia na kuwa kijivu, ili uone unachokwenda kupoteza. Sasa, watu wetu wengi, hasa wa mashambani, hawana picha waliyopigwa peke yao. Wanaleta ya harusi, ya kipaimara, ya siku mtoto alipohitimu. Mraba wangu ukimzunguka marehemu, wanaobaki nje wakififia ni walio hai. Wiki za kwanza nilikuwa naangalia dirishani wakati wa kubonyeza. Tena kuna mikono. Ukimtoa mtu katikati ya wenzake, mkono wa jirani yake unabaki begani, vidole vinne juu ya koti, bila mwenyewe. Nilijifunza kukata karibu na shingo.

Msimu mmoja wa mvua za Novemba alikuja mama mmoja kutoka Muthetheni. Alikuwa mjane wa siku mbili. Viatu vyake vilikuwa na tope hadi juu ya kifundo, na aliomba radhi kwa ajili ya sakafu yetu kabla hajasema kilichomleta. Mume wake alikuwa amefia hospitalini. Alikuwa na picha moja tu kwenye simu iliyomwonyesha jinsi alivyokuwa siku hizi za mwisho: wanaume wawili, vichwa vimegusana, wamejipiga wenyewe kwa simu kwenye harusi ya jamaa. Nyuma yao kulikuwa na kitambaa cheupe chenye maandishi.

"Hawa ni ndugu?" nilimuuliza.

"Ni ndugu. Wamefuatana. Watu huwachanganya tangu wakiwa watoto." Akaweka ukucha wake juu ya kioo cha simu. "Mume wangu ni huyu wa kushoto. Huyu mwingine ni shemeji, anakaa Matuu."

Nikaandika kwenye daftari jina la marehemu, kanisa, siku ya mazishi, na mwishoni: picha, wa kushoto. Akanitumia picha kwa simu. Akasema lazima awahi gari la kurudi, kwa sababu mama mkwe wake bado hajaambiwa. Alikuwa mzee sana, naye aliyefariki alikuwa kifungua mimba wake. Familia ilikuwa imekubaliana aambiwe jioni, mchungaji akiwapo na mwanawe mwingine amefika. Nilimpa pole, naye akashuka ngazi.

Nilipoifungua ile picha kwenye kompyuta, niliona maandishi ya kitambaa yamekaa kinyume, kama unavyoyaona kwenye kioo. Simu nyingine ukijipiga nazo hufanya hivyo. Mimi ni mtu nisiyeweza kuacha herufi zikae kinyume. Nikaigeuza picha, maandishi yakasomeka vizuri, nikaihifadhi. Kisha nikaitwa studio kusaidia jambo dogo, labda la dakika kumi. Niliporudi nilisoma daftari langu: wa kushoto. Nikavuta mraba juu ya mwanamume wa kushoto, nikaukaza karibu na shingo, yule wa kulia akafifia. Nikabonyeza. Ilikuwa kama saa tano asubuhi, na niliridhika na kazi yangu, maana uso ulitoka mzuri, umecheka kidogo.

Saa tisa kasoro simu ya ofisi ililia. Alikuwa yule mjane.

"Dada," alisema, sauti yake ikiwa chini kabisa, "mmemweka shemeji."

Nilipogeuza yale maandishi, nilikuwa nimemhamisha na mumewe kutoka kushoto kwenda kulia. Niliisahihisha tukiwa bado kwenye simu. Nilikuwa na haraka hadi mara mbili nikabonyeza pasipofaa. Niliomba msamaha, naye akasema, "Ni sawa, ni sawa," kwa namna ya mtu ambaye ana kitu kingine kikubwa mbele yake. Kisha akakata. Nilijiambia imekaa kwa saa nne tu, na nani husoma tovuti asubuhi ya siku ya kazi.

Wiki iliyofuata, mazishi yakiwa yamepita, mwanamume alipanda ngazi zetu akiwa amevua kofia. Nilimjua kabla hajafika mezani. Uso ule nilikuwa nimeukata kwa mkono wangu mwenyewe. Kuuona ukiwa juu ya mwili unaotembea, na mvua kwenye mabega, kulinifanya nisimame bila kukusudia.

"Ni wewe unaweka zile picha?" aliuliza.

"Ni mimi."

"Basi mimi ndiye ulinitangaza."

Hakusema kwa hasira. Alivuta kiti akaketi, akaweka kofia juu ya goti. Akanionyesha simu yake. Ukiufungua ukurasa wa ndugu yake, picha ilikuwa sahihi, lakini kwenye orodha ya matangazo yote, mahali ambapo kila marehemu ana kijipicha kidogo cha mraba, yeye bado alikuwapo, amecheka, chini yake jina la ndugu yake. Tovuti hutengeneza nakala kadhaa za kila picha, kubwa na ndogo, na inakuuliza mabadiliko yaende kwa zipi. Siku ile, kwa haraka yangu, nilikuwa nimechagua zote isipokuwa ile ndogo.

"Watu wa Matuu wananipigia," alisema. "Nikiitika, wananyamaza. Halafu wanakata."

Nilianza kuomba msamaha, lakini aliinua mkono kidogo. Hakuja kwa ajili ya hilo, alisema. Alitaka nijue kilichotokea nyumbani, kwa sababu ni mimi niliyekianzisha, na yeye hakujua mtu mwingine wa kumweleza.

Siku ile jirani wa mama yao aliliona tangazo kwenye simu. Akavuka shamba kwenda kutoa pole, akidhani mama ameshaambiwa. Mama hajui kusoma. Jirani alimwonyesha picha akamwambia, "Pole kwa mwanao." Mama aliuona uso wa kitinda mimba wake. Alimlilia tangu saa sita. Waliokuwapo pale nyumbani hawakuelewa. Walidhani habari ya kifungua mimba imemfikia kwa njia nyingine, wakamwacha alie. Naye huyu kitinda mimba, aliyeketi sasa mbele yangu, alikuwa njiani kutoka Matuu, amekuja kwenye msiba wa kaka yake.

"Niliingia kwenye boma saa kumi," alisema. "Mwaitu alikuwa ameketi chini, wanawake wamemshika." Mwaitu ni mama, kwa Kikamba, na alilitamka neno hilo kama mtoto. "Akaniona. Alisimama mwenyewe, yeye ambaye husimamishwa. Akanishika uso, akanishika masikio, akaanza kucheka. Akasema asante Mungu, si wewe. Alisema mara nyingi sana. Asante, si wewe. Mimi nilikuwa nimesimama tu pale. Watu wote wameinama."

Chini barabarani mtu alikuwa anauza kitu kwa kipaza sauti.

"Halafu akaona hakuna anayecheka naye," alisema. "Akauliza, basi ni nani?"

Nilivuta kompyuta ili aone, nikarekebisha kile kijipicha mbele yake. Alitazama uso wake ukiondoka na wa kaka yake ukiingia. Kisha akauliza ile picha ya kwanza, yenye wote wawili, ilikwenda wapi. Nikamweleza kwamba haipotei. Tovuti huificha picha ya mwanzo chini ya zile zilizokatwa, na kuna mahali pa kubonyeza ili irudi.

"Irudishe nione."

Nikabonyeza. Wanaume wawili wakajaa kwenye kioo, vichwa vimegusana, maandishi nyuma yao yakiwa kinyume tena. Aliitazama kwa muda mrefu. Aliniomba nimchapishie, nikaichapisha kwenye karatasi nzuri kabisa tuliyokuwa nayo. Akaikunja? Hapana, hakuikunja. Aliishika kwa mikono yote miwili kama bakuli la uji.

"Nitakuja kumwona mama," nikamwambia. Sijui ni nini kilichonisukuma. "Nije nimwombe radhi."

"Njoo Jumamosi," alisema.

Nilikwenda na kilo mbili za sukari na majani ya chai, kama mtu anavyokwenda msibani. Alinipokea barabarani akanipeleka hadi nyumbani. Mama alikuwa ameketi nje kwenye kiti cha mbao, mahali penye jua, blanketi miguuni, na mahindi yaliyochipuka karibu yafike mlangoni. Kaburi lilikuwa upande wa chini wa shamba, udongo wake bado mwekundu. Nilipiga magoti nikamwambia mimi ni nani. Niliongea Kikamba, na maneno yalinijia moja moja, maana nimezoea kukiandika kwa ajili ya matangazo kuliko kukisema.

Hakunikemea. Aliniuliza nimezaliwa wapi, nikamwambia karibu na Katelembo, akauliza kama kwetu mvua imenyesha. Nikasema imenyesha. Kisha akatoa ile karatasi chini ya blanketi. Ilikuwa imeanza kulegea pembeni.

"Nionyeshe ulivyofanya," alisema.

Sikuelewa mwanzoni. Mwanawe akanieleza: anataka kujua nilivyomtenganisha mmoja na mwingine. Basi nikaweka kiganja changu juu ya karatasi nikamfunika mmoja. Akabaki mwingine. Mama aliinama akatazama. Akautoa mkono wangu, akaweka wake, akamfunika yule mwingine. Akarudia hivyo mara kadhaa, huyu, kisha huyu, mpaka nikatamani mtu amnyang'anye ile karatasi.

"Huyu nilimlilia," alisema hatimaye, akimgusa kwenye karatasi yule aliye hai, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. "Nililia mpaka nikamaliza. Walipokuja kuniambia ni huyu, sikuwa na kitu. Nilikwenda kaburini macho yangu yakiwa makavu. Watu waliona."

"Mwaitu, haikuwa kosa lako," nilimwambia.

"Nilisema asante," alisema. "Yeye akiwa kwenye baridi kule hospitali, mimi nilisema asante."

Tulikunywa chai. Mjane alikuja kutoka jikoni akanisalimia kwa mkono, akaniambia tena kwamba ni sawa, akarudi kwa kuni zake. Nilipoaga, mama alishika kidole changu kimoja, si mkono mzima, akakishikilia kidogo kisha akakiachilia.

Tulikuwa tumefika karibu na lango, mimi na mwanawe, nilipomsikia mama akiita kutoka nyuma. Jina aliloliita nililijua. Nilikuwa nimeliandika kwa herufi kubwa juu ya tangazo. Mwanamume aligeuka akaitika, "Mwaitu," akarudi, akamvutia blanketi likafunika magoti, akaja tena.

Tulitembea kidogo kabla sijathubutu.

"Amekuita kwa jina la kaka yako."

"Tangu mazishi," alisema. "Mwanzoni nilikuwa namrekebisha. Akawa anaona aibu, halafu analia. Sasa naitika tu."

"Na lako?"

Alifikiri. "Lile langu halisemi tena. Juzi shemeji aliniita nalo kwa nyuma, tukiwa shambani. Nikageuka kuona ni nani anaitwa."

Alinisimamishia gari, akaongea na dereva ili niketi mbele, akapunga mkono mara moja. Jumatatu nilikuwa kazini. Kulikuwa na picha tatu zinazosubiri. Ya kwanza ilikuwa ya mwanamke katikati ya kwaya, amefunua mdomo akiimba, na wenzake wamembana pande zote mbili. Nilikaa mbele yake asubuhi nzima. Mkubwa wangu alipopita akauliza mbona haijapanda hewani, nilimwambia naipakia hivyo ilivyo, kwaya nzima, na chini nitaandika amevaa kitambaa cha rangi gani. Alisema watu hawatamwona vizuri. Nikamwambia watamtafuta.