Refa Aliyewanyima Watu Kusukumana

Kuna watu Kirumba hawamjui diwani wao kwa jina, ila Teodora wanamjua, na hawamtaji kwa wema.

Siku za wiki Teodora anapanga magari kwenye kivuko cha Kamanga. Anasimama mbele ya lori la mahindi, mfupi kama stuli ya jikoni, analiambia lirudi nyuma. Lori linarudi. Jumamosi anavaa bukta, anashika filimbi, anachezesha raga. Mwenyewe anakwambia malori yana adabu kuliko watu wa raga.

Jumamosi yenyewe ilikuwa Mwaloni dhidi ya Geita, kwenye uwanja wa shule. Mwaloni ni wabeba mizigo wa soko la samaki ambao siku moja waligundua kuna mchezo unaoruhusu kugongana bila kuitwa polisi. Geita walikuwa wamevuka daraja la Busisi asubuhi wakipiga selfi kila baada ya nguzo mbili. Huduma ya kwanza ilikuwa begi lenye Panadol, glukosi na dawa ya kuchua. Ambulensi ilikuwa bajaji, na dereva wake alikuwa ndani ya uwanja anacheza namba kumi na mbili.

"Shikamoo mwenyekiti," Teodora alimsalimia Nathaniel, mwenyekiti wa Mwaloni, mzee mwenye duka la mabati na elimu yote ya raga inayopatikana YouTube.

"Marahaba. Leo mama usitupigie filimbi kama trafiki. Watu wamekuja kuona skramu."

Kwa ambaye hajawahi kuiona: watu wanane huku, wanane kule, wanainama, wanafungana mabega, vichwa vya mstari wa mbele vinaingiliana, halafu tani na zaidi ya binadamu inasukumana. Shingo za wale wa mbele ndizo zinabeba mzigo wote. Ndiyo maana refa anaita taratibu, Inama, Shikana, Ingia. Na ndiyo maana mbele anasimama mtu aliyefundishwa kusimama mbele, siyo aliyeamka tu akajisikia hivyo.

Zikabaki dakika sita. Mwaloni walikuwa nyuma, kumi kwa kumi na tatu, lakini skramu ilikuwa yao, mita tano tu kutoka mstari wa Geita. Wakisukuma wanaingia na mpira, wanashinda, mtaa haulali. Hapo hapo Ngosha, mwamba wao wa mstari wa mbele, paja likamkaza, akatoka anachechemea. Wa akiba aliyefundishwa nafasi yake alikuwepo mmoja, na siku hiyo alikuwa Magu anamsindikiza dada yake kuolewa.

Sasa Mwaloni wana desturi yao ya sokoni: bega likitoka, bega linaingia, hakuna kikao. Gunia haliwezi kusubiri. Kwa hiyo Shimba, winga, kilo sitini na mbili baada ya kula ugali, akaja mwenyewe akasimama pale alipokuwa Ngosha.

"Umewahi kucheza mbele?" Teodora akamuuliza.

"Mbele ndiyo kwangu, dada."

"Mbele ya kioo," akasema jitu la Geita lililokuwa linamsubiri.

Kapteni akaapa kwamba Shimba amefundishwa. Mwenyekiti akaapa kutoka nje. Hata muuza miwa akaapa, na alikuwa hajui wanaongelea nini. Teodora akaamini. Hilo ni kosa lake, na halimtoki mpaka leo.

Inama. Shikana. Ingia.

Shimba akafanya kile ambacho mwili wake umekifanya kila alfajiri kwa miaka tisa: akabana kidevu kifuani, akatoa kisogo kiwe rafu ya kuwekea gunia. Sokoni ndivyo inavyotakiwa. Kwenye skramu ndivyo shingo inavyovunjika. Ile tani ikamshukia, skramu nzima ikalala chini, na filimbi ya Teodora ikalia ndefu mpaka mbwa wa shule wakajibu.

Wakafukuliwa mmoja mmoja. Shimba akainuka anacheka, udongo mpaka kwenye meno, ila mkono wa kulia anaukung'uta kama mtu aliyeshika simu yenye maji.

"Vidole vinafanya nini?"

"Vinachati tu, dada. Twende kazi."

Teodora hakwenda kazi. Akamkalisha, akakataza mtu kumvuta shingo, akamtoa dereva uwanjani akawashe bajaji wampeleke hospitali akiwa ameshikwa kichwa. Kisha akatangaza: skramu zote zilizobaki ni za kuinama na kutoa mpira tu. Hakuna kusukumana.

Mwenyekiti akaingia uwanjani na kandambili.

"Yaani unatunyima kusukuma? Sisi Mwaloni?"

"Hamna mtu wa mbele, mwenyekiti."

"Nipo mimi."

"Una miaka sitini na moja."

"Huu ni uoga wa semina za marefa. Ukimaliza hapa, ujue umemaliza kabisa. Ratiba ya marefa naipanga mimi."

"Sawa. Toka nje basi tucheze."

Wakacheza. Mpira ukatoka safi, Mwaloni wakautoa kwa mabeki wao, vijana ambao tangu Pasaka walikuwa wamepewa pasi mbili, na moja ilikuwa ya bahati mbaya. Wa kwanza akaudaka, akashangaa kuwa anao, akauangusha. Geita wakaushikilia mpaka dakika zikaisha, wakaupiga nje, na mechi ikaisha. Kulaumu mabeki hakukumfikia mtu akilini. Refa alikuwepo, ya nini kuhangaika.

Mpaka jioni kundi la WhatsApp la raga lilikuwa linawaka. Teodora kawekwa kwenye stika na mwiko mkononi. Ratiba ya marefa ya mwezi ujao ikatumwa, jina lake halimo. Saa moja usiku ikaja humo humo kundini sauti ya Shimba kutoka wodini, dakika nne nzima. Daktari kasema shingo imeteguka kidogo, mshipa wa fahamu umebanwa, haikuvunjika, wiki sita asiguse gunia, na avae kola ya kushikilia shingo. Vidole vimeshatulia. Dakika tatu na nusu zilizobaki zilikuwa za kumtukana refa aliyewapora ushindi.

Teodora akaisikiliza yote, akairudia pale kwenye vidole. Akaandika, "Pole Shimba. Usibebe kitu kabla daktari hajakuruhusu."

Mwenyekiti akamtoa kwenye kundi.