Kabari Chini ya Sufuria ya Boko Boko

Nina wajukuu kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja anayethubutu kuniuliza jambo mara mbili. Bibi akisema ipo, ipo. Shule niliachia darasa la nne, lakini nimezaa, nimelea, nimezika, na mjukuu wangu mkubwa leo ni muuguzi. Kwa hiyo kichwa changu nimezoea kukibeba juu. Hapa naandika habari ya siku ambayo kingestahili kuwa chini.

Doha huu ni mwaka wangu wa tisa, nyumba ile ile. Kazi yangu ni moja, kumtunza mama yake Madam. Mimi namwita Bi Mkubwa. Kanizidi umri sana, na bado anavaa barakoa ya kizamani, ile inayofunika pua na midomo ikaacha macho. Hali chakula kwa mkono wa mtu mwingine ila wangu. Wasichana wawili walijaribu kabla yangu, mmoja akamwagiwa uji.

Dereva wa nyumba alikuwa mtu wa kwetu Tanga, mwanamume wa miaka thelathini na ushei, baba wa watoto wawili. Mimi ndiye niliyemwombea kazi pale. Kwa umri ni mjukuu wangu, na mjukuu wa kiume ni mume, basi utani ulikuwa hauishi.

"Mke wangu, leo umepika nini?"

"Mume gani wewe? Hata kitunguu hujaleta, unauliza chakula."

"Nilikuoa kwa mapenzi, sikukuoa kwa vitunguu."

"Mapenzi hayakolezi mchuzi. Toka jikoni kwangu."

Msimu ule wa baridi alikuwa amepata kazi nyingine, kuendesha basi la wafanyakazi huko Lusail. Kazi ya saa zinazojulikana, na siku ya mapumziko, si ya kuamshwa kufuata mikate. Kilichobaki ni Baba, mwenye nyumba, amwachie kwa wema na amsemee vizuri kwa wale watu wa basi. Baba alikwisha kumwambia, "Tumalize kambi kwanza, halafu nenda." Basi kila kitu cha huyo mtu kilining'inia kwenye kambi kuisha salama. Na mimi nilijua hivyo. Sisemi kwamba sikujua.

Kambi ni ya jangwani, mwendo wa saa moja kutoka mjini. Wanaume wana hema lao kubwa la kukaa na wageni na kunywa kahawa, na wanawake wana upande wao. Mwaka ule Baba alinunua karavani mpya, ndefu kama nyumba ya vyumba viwili, ina choo chake na jiko lake. Haikuwa ya kufungwa nyuma ya gari kama tela. Mbele ina shingo iliyopanda juu, na hiyo shingo inakaa ndani ya bodi ya pikapu, inashikwa na pini nene kama mkono wa mtoto. Ukishaiegesha unashusha miguu miwili ya chuma mbele, unaweka kabari za mbao kwenye magurudumu, mbele na nyuma, kulia na kushoto, ndipo unafungua pini na kuondoa pikapu.

Dereva aliifikisha Alhamisi akaiegesha ikiupa upepo mgongo, kama mtu yeyote mwenye akili. Ijumaa asubuhi Madam akafika na dada zake, akashuka garini, akasimama.

"Mlango unaangalia hema la wanaume! Nani kaweka hivi?"

Kweli, ukifungua mlango, macho yanatua kwenye hema. Mwanamke akitoka kunawa mikono, wageni wote wanamwona. Baba akamwita dereva, igeuzwe mara moja, wageni wanakuja kula mchana. Wanne walikwisha fika, wameketi mlangoni pa hema na vikombe vyao.

Shida ikawa Bi Mkubwa. Alikuwa ndani, tulitangulia na dereva Alhamisi na tukalala humo pamoja. Nikamwambia atoke, gari linasogezwa. Akanitazama kwa yale macho ya barakoa.

"Nitoke nipite mbele ya wanaume wa watu, na mkongojo? Wakitaka kusogeza wasogeze. Nimepanda ngamia mimi."

Ndiyo hivyo. Karavani inageuzwa ili wanawake wasionekane, na mwanamke hawezi kutoka kwa sababu haijageuzwa. Mtu angewaambia wale wanaume wanne wageuke upande wa pili kwa dakika mbili, mambo yakaisha. Nani amwambie mgeni ageuke? Madam hakusema. Mimi nikaona mama wa watu ana haki yake. Nikamkalisha kwenye kochi, nikamzungushia mito, nikatoka nikafunga mlango.

Dereva akaniambia, "Bibi, upande wa wanawake ni wako. Mimi huko siendi." Madam na dada zake walikuwa wametandika mkeka upande ule, wamefunua nyuso, wanakunywa chai. Yeye akikaribia huko anainamisha uso mpaka kidevu kinagusa kifua. Mtu mwenye adabu. Kwa hiyo kabari za upande wake akazitoa yeye, za upande wangu nikazitoa mimi, mbili.

Sasa jiko langu. Nilikuwa nimeinjika boko boko tangu alfajiri, ngano na nyama ya kondoo, wenyewe wanaita harisi. Jiko la gesi lilikuwa juu ya mchanga na limeanza kuzama mguu mmoja. Sufuria imeegemea upande, inataka kumwaga. Nina kabari mbili mkononi. Nikaichomeka moja chini ya mguu wa jiko. Ikakaa sawasawa kabisa. Nikafurahi.

Pikapu ikavuta, karavani ikazunguka polepole, ikarudi nyuma mpaka mahali pake papya, mlango ukaangalia jangwa. Hapo palikuwa na mteremko kidogo kuelekea nyuma, si wa kuogofya. Dereva akashusha miguu ya chuma, akaweka kabari zake. Mimi nikaiweka ile moja niliyokuwa nayo, mbele ya gurudumu. Ya nyuma ilikuwa chini ya jiko, na boko boko haijashikana. Nikasema moyoni, nyumba nzito namna hii inakwenda wapi? Nitaitoa tukishapakua.

Akapiga kelele kutoka mbele, bila kugeuka. "Bibi! Kabari zimo?"

"Zimo!"

"Zote mbili? Na ya nyuma?"

Mara ya pili hiyo. Mbele ya Madam na dada zake wamekaa wananitazama, mimi mwenye wajukuu kumi na mmoja.

"Nimesema zimo! Unadhani nimezaliwa jana? Fanya kazi yako!"

Akafungua pini, akaingia kwenye pikapu, akaisogeza mbele.

Karavani ikaguna kwanza. Halafu upande wangu ukaanza kurudi nyuma, pole, kama mtu anayejinyoosha kitandani. Upande wa dereva ulizuiwa na kabari yake, kwa hiyo nyumba ikajipinda, mguu mmoja wa chuma ukalala, na ile shingo yote ikaanguka ikachimba mchanga. Ndani nikasikia vyombo. Baada ya vyombo nikasikia kitu kingine ambacho si chombo.

Wakamkuta sakafuni katikati ya kochi na kabati. Hakulia. Alikuwa ameishika barakoa yake isivuke. Mguu wa kulia umegeukia nje, kama si wake. Wakamtoa nje juu ya blanketi, na safari hii wale wanaume wanne ndio waliobeba pembe.

Nami nitaandika nilichofanya wakati wamembeba. Niliinama, nikachomoa kabari chini ya jiko. Sufuria ikalala, boko boko ikamwagika mchangani. Nikaitupa ile kabari nyuma ya gurudumu, karibu karibu, kama iliyoruka. Hakuna aliyenituma. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, lakini ni mkono wangu.

Baba akamshika dereva kifuani. Yule mtu akasema, "Nilimuuliza bibi, akasema zimo." Baba akanigeukia.

"Uliweka?"

"Niliweka, Baba."

Dereva akanitazama. Hakunitilia shaka, ndilo lililonichoma. Alitazama chini, akaiona kabari pale, akadhani kweli imeruka, na kwamba yeye ndiye hakuchagua mahali vizuri.

Bi Mkubwa alivunjika nyonga. Walimpasua, wakamtia chuma. Nililala kitini pembeni yake siku nyingi, nikimlisha uji kwa kijiko, maana wauguzi walipojaribu alifumba mdomo. Daktari alisema ataishi, kutembea asitarajie. Dereva akafukuzwa wiki ile ile. Baba alikataa kumsemea kwa watu wa Lusail. Kwa kweli aliongea nao, na ingekuwa heri asingeongea. Kibali chake cha kukaa nchini kikafutwa, tiketi ikakatwa.

Nikavumilia siku tatu. Siku ya nne nikamvuta Madam kwenye korido ya hospitali, nikamwambia yote, jiko, sufuria, kabari. Nikangoja anipige.

Akasema, "Najua. Nilikuona ukiitoa chini ya jiko."

"Sasa Madam, yule kijana..."

"Madereva wako wengi. Mama yangu hali kwa mkono wa mwingine. Baba akijua, utaondoka wewe. Nenda kampe dawa yake."

Akanirekebishia mtandio wangu begani, kama vile mimi ndiye ninayefanyiwa wema, akaenda zake.

Ijumaa nikaomba ruhusa, nikaenda mtaa wa Bin Mahmoud, kwenye chumba cha vijana wa kwetu alikohifadhiwa akingoja ndege. Alikuwa anafunga sanduku kwa kamba. Aliponiona akaacha.

"Shikamoo bibi. Bi Mkubwa anaendeleaje? Namwombea kila sala."

Nikamwambia. Nilisimama mlangoni nikamwambia lote, sikukaa. Alisikiliza mpaka mwisho, kamba ikiwa mkononi.

"Umemwambia Baba?"

"Nimemwambia Madam."

"Sikuuliza Madam. Baba umemwambia?"

"Madam kasema nitafukuzwa."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kamba yake. "Ndege ni kesho saa nane mchana," akasema. "Mpaka saa nane una nafasi. Baba akipiga simu moja tu kule Lusail, mimi sipandi ndege. Kama huendi, basi umekuja hapa ili wewe upumue. Mimi umenibebesha."

"Mwanangu, nina wajukuu wanaonitegemea."

"Mimi nina watoto."

Nilirudi nyumbani. Baba alikuwa barazani peke yake na simu yake. Nilipita mbele yake na sinia la kahawa. Nikaliweka mezani. Akasema, "Ahsante, mama," maana siku hizi ananiheshimu kwa jinsi ninavyomtunza mkwewe. Nikasimama kidogo. Akainua macho, akauliza, "Kuna jambo?"

Nikasema hakuna.

Siku ya pili saa nane nilikuwa hospitali, namgeuza Bi Mkubwa ubavu, mgongo usitoke vidonda. Mzito, na kila ukimgusa anasaga meno. Akauliza dereva yuko wapi, mbona siku hizi anayeleta vitu ni mtu mwingine, asiyejua kusalimia.

"Amerudi kwao," nikamwambia.

"Kwa nini? Alikuwa mtu mzuri."

"Alikuwa mtu mzuri," nikasema, nikamvutia shuka.