Kanuni ya Tisa na Tabi za Bi Kiwa

Juzi kwenye treni niliwasikia vijana wawili wakibishana ni nani aliyeuleta mpira wa miguu nchini kwetu. Mmoja akashikilia kwamba ni mabaharia wa Kobe, mwenzake akasema ni maprofesa wa Tokyo. Nikanyamaza, maana mzee akianza kuhadithia kwenye treni watu huhama kiti. Lakini roho iliniuma. Hakuna aliyemtaja Bi Kiwa wa Inagawara, na miguu yangu hii ilicheza kombe kwa sababu yake yeye, si kwa sababu ya profesa yeyote.

Bi Kiwa alikuwa mjane, fundi wa tabi, lile vazi letu la miguuni la kitambaa. Kibanda chake kilipakana na ukuta wa chuo chetu cha ualimu. Tusielewane vibaya: tabi zake hazikuwa zile nyeupe laini za kwendea harusini. Zake zilikuwa za watu wa kazi, maseremala na waezeka paa na wavuta mikokoteni. Kitambaa cheusi kizito, kidole gumba na chumba chake, vidole vinne vilivyobaki na chumba chao, vishikizo vya bati nyuma ya kisigino, na soli ya pamba tabaka saba, imeshindiliwa kwa uzi wa nta mpaka imekuwa ngumu kama ubao. Mumewe alikuwa akikata, yeye akishona. Mume alipofariki, akakata na kushona mwenyewe, na watu wakasema kazi imekuwa bora zaidi. Marehemu anisamehe, lakini ndivyo walivyosema.

Sisi wanachuo tulisomeshwa na serikali, na serikali ilimpa kila mmoja jozi moja ya viatu vya ngozi kwa ajili ya gwaride. Ole wake atakayepigia mpira viatu vya serikali: Jumapili mbili hatoki nje ya geti. Basi tukacheza pekupeku, mpaka siku nahodha wetu Uchibori alipong'oka ukucha akachechemea hadi kibandani kuomba kitambaa cha kufungia.

Bi Kiwa akautazama mguu ule. "Mwalimu mtarajiwa, umepiga teke nini? Kaburi?"

"Mpira, mama."

"Mpira gani huo wenye meno?"

Hakungoja jibu. Akampima mguu kwa shubiri yake, na baada ya siku tatu akamletea tabi iliyoongezwa kitambaa juu ya unyayo, palipo na mfupa. Baada ya mwezi mmoja, sote kumi na mmoja tulikuwa nazo. Ila alitupa amri moja. Tusipige mpira kwa ncha ya vidole, kwa sababu pale ndipo mishono miwili inapokutana, naye alichukia kufumua kazi yake kuliko alivyouchukia moto. "Piga kwa hapa juu," alisema, akigonga mfupa wa mguu wangu kwa mkasi. "Atakayepiga kwa kidole asije kwangu, akashone kwa mama yake." Vyuo vingine vilijifunza kupiga mpira kwa vitabu vya Waingereza. Sisi tulifundishwa na mshono, na shuti zetu zilikwenda mahali tulipozituma.

Vuli ya mwaka wa kumi na moja wa enzi ya mfalme Taisho, yaani 1922, gazeti moja la Osaka likaandaa kombe la shule na vyuo vya ukanda wetu, nasi tukaalikwa. Bi Kiwa alifunga kibanda, akatia sindano na nta kwenye kifurushi, akapanda treni pamoja nasi. "Mtazipasua tu, nawajua," alisema. "Na huko Osaka nani atazishona? Meya?"

Usiku ilinyesha. Asubuhi tukapasha misuli nyuma ya uwanja kwenye tope la kufika kifundoni, ndipo refa alipopita kutukagua. Akatazama miguu yetu, akakunja uso, akatutuma kwa katibu wa mashindano.

Katibu alikuwa Bwana Ebara, mtu wa kola ngumu na pua juu. Ofisi yake ilikuwa chumba cha nyumba ya wageni inayotazamana na uwanja, milango imesukumwa wazi upande wa bustani, na mikeka ndiyo kwanza imetandikwa, bado ya kijani, inanukia. Alikuwa amekaa chini na makaratasi yake, karani kando. Sisi tukasimama bustanini na tope letu.

"Kanuni ya tisa," akasema bila kuinua kichwa. "Wachezaji wote wavae viatu. Hizo ni tabi. Tabi ni soksi. Hatuchezeshi watu wenye soksi."

Uchibori akaeleza habari ya viatu vya serikali. Katibu akasikiliza kama mtu anayesikiliza mvua. "Basi rudini kwenu mkasomee ualimu. Wapinzani wenu wamepewa ushindi."

Miezi minane tuliamka alfajiri kwa ajili ya siku ile. Mwalimu msimamizi wetu akainama, akashukuru. Alikuwa mtu mwema, lakini uti wa mgongo aliusahau nyumbani siku hiyo. Alishageuka kutuongoza stesheni wakati Bi Kiwa aliposogea mbele. Niliuona uso wake. Kukosa mechi kulimuuma kwa ajili yetu, lakini lile neno soksi lilimuuma yeye mwenyewe. Miaka thelathini alikuwa amewavisha watu wanaopanda mapaa ya mahekalu, hakuna aliyewahi kuteleza kwa kosa la mshono wake, na sasa mtu wa kola anaiita kazi hiyo soksi.

"Bwana mkubwa, niwie radhi, mimi sijui kusoma," akasema kwa upole ambao sisi tuliomzoea ulitutia wasiwasi. "Hizi umesema ni soksi?"

"Soksi, mama."

"Yaani si viatu."

"Si viatu. Niseme mara ngapi?"

"Mara hizo mbili zinatosha. Basi waruhusu vijana wapande wakuage kwa heshima. Ni walimu hawa, wasiondoke kama wezi."

Katibu akapunga mkono. "Wapande, wapande." Akarudi kwenye makaratasi yake.

Palikuwa na jiwe la kupandia ndani, kama penye kila nyumba, na miguu ilipoligusa tu migongo kumi na mmoja ikainama na mikono ikaenda kwenye vishikizo. Hakuna aliyetuambia tuvue. Nani huambiwa?

"Msivue," akasema Bi Kiwa.

Uchibori akanong'ona, "Mama, kuna mkeka."

"Nimeuona, sina upofu. Soksi hazivuliwi mlangoni."

Akatangulia yeye, na tabi zake zenye tope, akakanyaga mkeka ule mpya. Wewe unayesoma hapa, jaribu. Nimepigana vita baadaye, nimezika wazazi wangu, lakini kuinua mguu ule wenye tope na kuuweka juu ya mkeka wa mtu, sijui jambo lililonishinda vile. Mguu ulikataa kabisa. Nilikuwa nasikia sauti ya marehemu bibi yangu ikinilaani. Nikafumba macho, nikakanyaga, na tope likalia pwaa. Nyuma yangu wenzangu wakafuata mmoja mmoja, wamejikunja kwa aibu.

Katibu akainua kichwa. Akaona mkeka. Akaruka juu.

"Viatu! Vueni viatu! Mmelelewa zizini nyie? Vueni viatu haraka!"

Karani aliyekuwa kando akaficha uso kwa karatasi, na karatasi ikaanza kutetemeka.

Bi Kiwa akapiga magoti, akainamisha paji la uso mpaka mkekani. "Tumesikia, bwana. Vijana, vueni viatu. Katibu amesema ni viatu."

Masikio ya Bwana Ebara yakaiva. Akatazama miguu yetu, akatazama ile kanuni, akarudi kwenye miguu. Nadhani alikuwa akitafuta neno la kutokea, na kila mlango alioujaribu ulikuwa na Bi Kiwa amekaa mbele yake. Mwishowe akaketi. Nitamsifu kwa hili, maana si wakubwa wengi wangeweza: hakudanganya.

"Mwambie refa," akamwambia karani, "kwamba wana viatu." Halafu, kwa sauti ndogo, "Na mkeka wangu?"

"Huo ni wangu sasa," akasema Bi Kiwa, akavua kitambaa chake cha kichwani na kuomba maji. "Nendeni nyie. Mnangoja nini, chai?"

Kwa hiyo kipindi cha kwanza hakukiona. Alikuwa chumbani anafuta nyayo zetu, utepe kwa utepe wa mkeka.

Wapinzani walikuwa chuo cha biashara, wote wamevaa viatu vya ngozi kutoka Kobe. Walipotuona wakapiga kelele, "Maseremala hao! Nani ana paa linavuja?"

"Nyie," akajibu Uchibori, "na mvua ndiyo kwanza inaanza."

Walitutangulia bao moja, kusema kweli kwa uzembe wetu. Lakini tope lile halikuwa rafiki wa ngozi. Viatu vyao vilikunywa maji vikawa vizito, vikateleza. Sisi vidole gumba vyetu vilishika ardhi. Kipindi cha pili Uchibori akasawazisha kwa shuti la kutoka mbali, la mfupa wa juu, chini kabisa ya mwamba. Siku hizo sare haikuwa na marudio. Walihesabu kona, mwenye nyingi kashinda. Zilipobaki dakika chache ilikuwa tano kwa tano. Nami winga wa kushoto nikapata mpira pembeni, beki wao akanijia, na sikumtazama kipa hata kidogo. Niliutafuta muundi wa yule beki. Nikaupata. Mpira ukatoka nje, kona ya sita, kipenga kikalia punde baadaye, na pembeni mwa uwanja alikuwa amesimama mama mmoja kichwa wazi, nywele zimelowa, anatazama miguu yetu tu.

Kesho yake tulifungwa mbili bila na timu iliyotuzidi kila kitu, kombe likaenda kwao. Sina kinyongo. Bi Kiwa alizipanga tabi ishirini na mbili kwenye benchi la stesheni akazikagua moja moja. Mshono mmoja tu ulikuwa umeachia, wa kwangu. "Umepiga kwa kidole," akasema, na ilikuwa kweli.

Mwaka uliofuata mwaliko ukaja tena, na kanuni zimechapishwa upya. Nilikuwa namalizia masomo. Nikaipeleka ile karatasi mbio kibandani nikamsomea. "Kanuni ya tisa. Wachezaji wote wavae viatu au tabi."

Akaacha kushona. "Soma tena."

Nikasoma tena.

"Jina langu wameweka?"

"Hapana, mama."

"Waliweke la nini. Tabi wameandika wapi hapo?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Akainuka, akanawa mikono kwenye ndoo, akajifuta vizuri, ndipo akaweka kidole chake pale. Akakaa nacho muda mrefu. Akasema miaka thelathini na moja anashona kitu, na hakuwahi kuona sura ya jina la kitu hicho. Machozi yalinilenga na sikuyaficha. Nikachukua chaki yake ya kukatia, nikaliandika lile neno kwa herufi kubwa juu ya kitambaa cheusi, naye akaifuata chaki kwa macho kama anavyofuata uzi. Akaniambia mwandiko wangu umelegea upande wa kushoto. Kisha akaninyang'anya chaki.

Mwezi ule ule nilipewa cheti cha ualimu, na baadaye nikafundisha watoto kwa miaka thelathini na nane. Lakini mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa na umri wa miaka hamsini na moja, na neno lake la kwanza lilikuwa tabi.