Video ya Mjomba Imebaki Ndani ya Simu Isiyowaka

Admin, jina langu liache, ila kisa kiweke chote kama kilivyo, hata pale ninapoonekana mjinga.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, nafua mashuka kwenye loji moja hapa Mikumi. Mama yangu anaishi Kilosa mjini, mtaa wa Magomeni, na anamuuguza kaka yake, yaani mjomba wangu. Kwetu ukoo unafuata upande wa mama, kwa hiyo shamba la mjomba lililoko Rudewa ni letu sisi wapwa zake. Jirani wa shamba hilo amekuwa akisogeza trekta lake ndani ya mpaka wetu kila msimu. Mwaka jana mjomba akaniambia, "Njoo na simu yako nikuonyeshe mipaka, nisije nikaondoka nayo kichwani." Nikamfuata nyuma na simu, yeye mbele na fimbo: hapa mstari wa mkonge wa zamani, hapa kijito, hapa jiwe. Katikati akasimama kumjibu binti aliyekuwa anapita, "Marahaba, mama hajambo?" halafu akaendelea. Mwisho akaigeukia simu akasema, "Msiseme sikuwaonyesha."

Haikupita miezi miwili mjomba akapata kiharusi. Mkono wa kulia umelala na maneno hayatoki. Ile video ndiyo sauti yake yote iliyobaki. Kila nikienda kumwona ananyoosha mkono wa kushoto, anataka simu. Namwekea. Ikifika pale pa "mama hajambo" anacheka mpaka machozi.

Sasa simu ilianza kuwa nzito. Video inakwama, mjomba anakunja uso na kupiga godoro kwa hasira. Iliniuma. Mwenzangu wa mapokezi hapa kazini akasema, "Dada, hiyo inataka apdeti tu, itakuwa nyepesi." Bando la kupakua sikuwa nalo, ila yeye alikuwa ameshapakua ya kwake, na simu zetu zinafanana mpaka kava. Sisi huku tunarushiana kila kitu, nyimbo, muvi, picha za harusi, sikuona ajabu kurushiwa na apdeti. Mara ya kwanza simu ilikataa. Akasema anajua njia nyingine, akabonyeza bonyeza, ikakubali. Ikafika nusu, ikazima. Tangu hapo inawaka nembo, inazima, inawaka nembo, inazima.

Fundi wa hapa stendi aliiangalia akatikisa kichwa. "Dada, hizi zinafanana sura tu, ndani ni aina mbili tofauti. Naweza kuiamsha sasa hivi, ila vyote vya ndani vinafutika." Nikamnyang'anya simu mkononi kama mwizi.

Juzi nikaomba ruhusa nikaenda Kilosa kwa fundi mwingine karibu na soko. Huyo ana utulivu. Akasema anaweza kuipandishia faili lake halisi bila kugusa vitu vyangu, ila hana uhakika. "Ikigoma katikati, video usiitafute tena, hata kwa fundi mkubwa wa Morogoro. Na huyo wa Morogoro ana mashine nzuri, lakini foleni yake ni wiki kadhaa. Uamuzi ni wako, niambie mwenyewe niendelee." Nikasema ngoja nikafikirie.

Wiki kadhaa sina. Jumamosi hii ukoo unakutana na yule jirani Rudewa mbele ya baraza la kata, na ushahidi wetu ni hiyo video. Najua mtauliza mbona sikuiweka kwenye memori kadi. Simu yangu haina sehemu ya kadi. Mtauliza mbona sikuituma kwenye grupu la ukoo. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Kaka yangu mkubwa aliniomba mara tatu, "Nirushie na mimi niwe nayo." Nikamjibu, "Hiyo video haitembei hovyo, mkiitaka nifuateni." Ukweli ni kwamba nilipenda kufuatwa. Mimi wa kufua mashuka, niliyekuwa naambiwa mambo ya ukoo yakishaamuliwa, sasa kikao hakianzi mpaka nifike. Nyimbo za watu wote nimerusha, ya mjomba nikaibana.

Nilipotoka kwa fundi nilipita nyumbani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, afadhali umekuja, mjomba wako anakungoja." Mjomba akaniona, mkono wa kushoto ukanyooka. Nikamwambia, "Simu iko chaji, mjomba." Hakuushusha. Aliuacha hewani ananitazama, mimi nikasingizia gari litaniacha, nikatoka hata chai sijamaliza.

Tangu siku hiyo situlii. Nafua shuka moja mara mbili. Nasikia simu ya mtu inaita nashika mfuko wangu. Hapa naandika kwa simu ya huyo huyo mwenzangu wa mapokezi, ananiangalia kwa huruma na mimi hata kumgombeza nimeshindwa. Kaka, niliyempa namba hii nikisingizia yangu haikai na chaji, amepiga humu asubuhi: "Usisahau kuchaji simu Jumamosi, sisi tunakutegemea wewe." Nikaitikia sawa.

Nikimruhusu fundi wa Kilosa, huenda Jumamosi nikafika na video na asijue mtu, au nikaiua sauti ya mjomba kwa mkono wangu ili tu nisiaibike. Nikisubiri Morogoro, lazima nisimame mbele ya ukoo niombe baraza lisogezwe, na niseme kwa nini nakala haipo kwa mtu mwingine yeyote.

Msinitukane, nimeshajitukana vya kutosha. Nielekezeni tu, kesho nashuka Kilosa: nianzie kwa fundi, au nianzie kwa mjomba, nikaushike ule mkono wake nikiwa sina cha kuweka ndani yake?