Umepewa Jina la Nani?

Jumamosi, kwenye maktaba moja ya North York, niliketi jirani na bibi mmoja Myahudi aliyekumbatia faili la ukoo wake. Mbele yake alikuwa kijana waliyejuana naye mtandaoni, anayedai babu zao walikuwa ndugu. Akamwuliza bibi jina la mama yake kabla hajaolewa.

"Hilo benki huniuliza wakitaka kuhakikisha ni mimi," bibi akasema, akafunga faili. "Wewe umepewa jina la nani?"

"La baba."

Bibi akasukuma kiti nyuma. "Kwetu mtoto hapewi jina la mtu aliye hai."

Mimi, niliyepewa jina la babu aliyenilea, ningefukuzwa hapo hapo.

"Hakuwa hai," kijana akasema taratibu. "Alifariki mama akiwa na mimba yangu."

Bibi akarudisha kiti mezani, akafungua faili. Machozi yalinilenga, mpaka nilipokumbuka kwamba hata jibu kama hilo mtu anaweza kulisoma mtandaoni akaja nalo. Nadhani bibi alishalifikiria kabla yangu. Jina la kijana aliliandika kwenye karatasi ya ukoo, chini ya majina yote ya wino, kwa penseli.