Koko Aliyebaki Nje ya Picha

Harufu ya moshi wa kuni na majani mabichi ya maharagwe ikinipitia hata leo, naona haya kabla sijajua kwa nini. Ndiyo harufu aliyokuja nayo koko, mama mzazi wa baba yangu, siku aliposhuka kwa miguu kutoka kijijini Nyantende kuhudhuria komunyo ya kwanza ya mdogo wangu hapa Bukavu. Mvua ilikuwa imenyesha. Tope lilimfika magotini, kitenge chake kilikuwa kimepauka, na uani mwa kanisa wenzangu wa darasa walijaa na viatu vyao vinavyong'aa. Jamani, niliomba ardhi inimeze!

Papa, yaani baba yangu, alikuwa mpiga picha, nami, nikiwa na miaka kumi na miwili, alikuwa akinifundisha kazi. Lenzi ukiivuta, aliniambia, watu huonekana wakubwa lakini wa pembeni hukatwa. Ukitaka wote waenee, irudishe, au urudi nyuma wewe mwenyewe. "Mupiga picha anatumikisha miguu," alizoea kusema. Siku ile alitaka naye aonekane pamoja na familia, akanikabidhi kamera. Koko alisimama mwisho wa mstari, akajipangusa uso kwa ncha ya kitenge. Hakuwahi kupigwa picha maishani mwake.

"Mutoto wangu, na miye niko ndani?"

"Uko ndani, koko."

Nyuma yangu ua ulikuwa mtupu, hatua ishirini nzima. Sikurudi hata moja. Niliivuta lenzi polepole mpaka koko akatoka pichani, ndipo nikabonyeza.

Picha ilipochapwa, papa alijilaumu, eti alimpa mtoto kazi ya mtu mzima. Nilimwacha ajilaumu. Koko alifariki kabla ya mavuno yaliyofuata, na juu ya jeneza, mahali pa picha, tuliweka rozari tu. Waliosema majuto ni mjukuu walinijua.

Siku hizi kila mtu ana kamera kwenye simu, na kazi ya papa nimeirithi. Harusini watu hunicheka ninavyorudi nyuma mpaka mgongo ugonge ukuta. Mwezi uliopita papa, ambaye macho yake yamefifia, aliisogeza ile picha karibu na pua.

"Mama yangu alisimama wapi?"

Nilikishika kidole chake, nikakiweka ukingoni, kando ya bega la mdogo wangu. "Hapa, Papa. Nilimuona muzuri ndani ya lenzi."

Alikiacha kidole palepale.

"Nyuma yako kulikuwa na ukuta?"

"Hapana, Papa. Kulikuwa wazi."