Zamu ya Goreti

Harufu ya dagaa wabichi waliomwagwa kwenye mchanga wa ufukwe wa Kibirizi, jua likiwa bado halijachoma, ndiyo harufu ya mwaka ule Goreti alioishi kwetu Gungu. Ulikuwa mwaka wa wakimbizi. Maboti yalishusha watu kila siku. Wengi walipelekwa kambini, wachache wakapokewa na ndugu. Goreti alikuwa mjukuu wa shangazi yake mama, kutoka Burundi, binti wa miaka kumi na mitano. Alifika na wadogo zake wawili, mmoja mgongoni, mwingine kamshika mkono. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nami nilimwona mkubwa kupita watu wazima wote, kwa sababu alikuwa halali. Nasema kweli. Kila niliposhtuka usingizini nilimkuta kaketi mlangoni, macho makavu. Nilidhani ni kipaji, nikajaribu kumwiga, nikakoroma kabla ya saa tatu.

Mama hakuona kipaji. Aliona mtoto anayekonda, anayeangusha sufuria ya maharage mchana kweupe. Muuzaji wa duka la dawa alimshauri ampe vidonge vya usingizi, lakini nesi jirani yetu akamkataza. "Mama Zena, huyu bado mtoto. Jua kwanza kinachomkesha." Mama hakuwa mtu wa kusubiri, akaamua kumchosha kwa kazi. Akampeleka Kibirizi pamoja na wadogo zake, akampa fimbo ya kufukuzia kunguru wasile dagaa wetu. Hapo mama alichemsha, na baadaye alikiri mwenyewe. Siku tatu hakutua kunguru hata mmoja, wala Goreti hakukaa chini, na usiku bado alikesha.

Siku ya nne mama alimtazama sana, kisha akamwuliza kwa Kiha, ambacho Mrundi anakielewa vizuri, kwamba huko njiani, yeye alipolala, nani alibaki akiwaangalia wadogo zake. Goreti alimshangaa.

"Nta wundi," alisema. "Ni jewe." Hakuna mwingine, ni mimi.

Mama akaichukua ile fimbo. Akatandika kanga kwenye kivuli cha mtumbwi uliopinduliwa. "Ryama, mwana wanje. Ndi maso." Lala, mwanangu, mimi niko macho. Goreti aliwaangalia wadogo zake, akamwangalia mama, akajilaza. Alilala tangu asubuhi mpaka alasiri. Wanawake wa dagaa, wale wenye midomo yao, walinong'ona. Wavuvi walizima injini mbali, wakaingia kwa makasia. Mpaka leo sijaona jambo kubwa kuliko ufukwe mzima kunyamaza kwa ajili ya msichana mmoja, na mama yangu kasimama juani na fimbo, hakai.

Sasa nina kijana wa umri ule ule wa Goreti, na tangu baba yake afariki mwaka jana, halali. Nililaumu simu. Juzi nilikuwa dukani nimeshika kopo la vidonge vya usingizi, vimeandikwa kuwa ni vya asili, havina madhara. Nikamkumbuka Goreti, nikalirudisha kopo mpaka tumwone daktari. Nilimkuta mwanangu nyumbani anamenya ndizi, nikamwuliza anakesha akilinda nini.

Alijibu huku akimenya. "Nakusikiliza wewe, mama. Kama bado unapumua."

Nilikichukua kisu mkononi mwake. Nikamwambia yale maneno ya mama, kwa Kiha, lugha ambayo sikuwahi kumfundisha. Hata hivyo alinielewa, akaenda kulala.